Mishumaa Iliyonuka Nyama

Vijana wa maabara, siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mtu aliyestaafu akipewa saa sijui mnataka aangalie nini. Lakini kilichonikalisha kuandika si keki. Ni yule mwenzenu, simtaji jina, aliyeuliza mbele ya watu kwa nini Mama Parafini, yaani mimi, mpaka mwisho alikuwa bado anashona. "Tuko na vikaseti vya plastiki vya kutia nyama," alisema, "namba inaandikwa juu. Ule uzi ni wa kazi gani?" Mkacheka, na mimi nikacheka, maana mdomo ulijaa keki na sikuweza kujibu. Sasa naweza.

Niliingia kazini wakati kituo hiki, ambacho leo kina jengo la utafiti, wodi ya watoto na wagonjwa wanaolala nje ya geti kusubiri zamu, kilikuwa vyumba viwili nyuma ya maternité, wodi ya wazazi. Chumba kimoja kilikuwa cha daktari na darubini yake. Kingine kilikuwa cha Muzee Leonardi, fundi wa maabara, na harufu ya formol. Siku ya kwanza formol ilinichoma macho nikalia mpaka kamasi zikanitoka, na Muzee akaniambia bila hata kugeuka: "Lia tu, mama. Machozi hapa iko ya bure. Kesho utalia kidogo." Kesho yake nililia vilevile. Katika mambo madogo alikuwa mwongo.

Kabla ya maabara Muzee alikuwa fundi cherehani sokoni, na hakuacha kabisa ufundi wake. Mnajua jinsi kazi yetu inavyokwenda, lakini labda karatasi hizi zitasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo naeleza. Daktari anakata kipande cha uvimbe, kidogo kama punje ya haragwe. Sisi tunakitia katika formol kisioze, kisha katika alkoli kitoke maji, kisha katika parafini, ile nta nyeupe, iliyoyeyuka. Ikipoa, unapata bloki nyeupe yenye nyama ndani. Bloki hiyo inakatwa kwa mashine, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vinapakwa rangi, na daktari anavisoma chini ya darubini. Bloki yenyewe inarudi kabatini na haitupwi kamwe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, na mtaona nilivyoivunja.

Sheria ya pili ilikuwa ya Muzee mwenyewe. Jina na namba ya mgonjwa viliandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye kikaratasi, kwa sababu wino unaoshwa na alkoli. Kisha Muzee alichukua sindano na uzi mweusi, akakishona kikaratasi kile kwenye nyama yenyewe, mshono mmoja tu, pembeni. Ncha ya uzi aliiacha itokeze nje ya parafini ili tuivute wakati wa kukata. Daktari Faustin, aliyekuwa mkubwa wetu, alichukia jambo hilo kwa sababu kila alipotazama kwenye darubini aliona tundu la sindano. Alilalamika. Muzee akamjibu kwa upole wote: "Docta, tundu ya sindano unaiona. Mutu akipoteza jina yake, huyo utamuona wapi?" Umeme ulikuwa unakatika ovyo, sahani zilikuwa zinamwagika, na kweli nyama zetu hazikuwahi kuchanganyika. Nikajifunza kushona, nikajichoma vidole vyote, na Muzee akawa ananicheka kwamba natunga shanga.

Kisha vita vikaja Bunia, mji wetu huu wa Ituri. Sitavieleza. Walioviona hawahitaji kuelezwa, na wasioviona wabaki na bahati yao. Nasema tu kwamba mji ulibadilisha mabwana mara nyingi, na kila bwana mpya alianza kwa kuvunja milango. Sisi tuliendelea kufanya kazi kati ya milango iliyovunjwa.

Siku moja ya utulivu wa uongo, mtoto wa kike aitwaye Neema aliletwa kutoka machimbo ya Bambu, mgongoni mwa mama yake. Alikuwa na umri wa mtoto wa kuanza shule. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu, na hakuna aliyejua tena aliko. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka jicho likasukumwa juu, na meno yalikuwa yanacheza mdomoni. Mama yake alisema maneno machache tu: "Docta, walisema iko jino. Wakangoa jino. Sasa angalia."

Daktari Faustin aliangalia, na hakuwa na uhakika. Kuna uvimbe wa taya unaowapata watoto wa huku kwetu, unakua haraka kuliko uvimbe wowote ninaoujua, lakini dawa yake ikiingia unayeyuka, na mtoto anapona kabisa. Dawa hiyo ni sumu. Mtoto mwenye usaha kwenye mfupa akipewa dawa hiyohiyo, kinga yote ya mwili inaanguka na anakufa kwa mkono wetu. Kwa nje magonjwa haya mawili yalifanana. Kwa hiyo daktari alikata kipande kwenye fizi, mtoto akapiga kelele ambayo sijaisahau, na Muzee Leonardi akakishona mwenyewe. Alimaliza hatua zote, akamimina parafini, akaiacha bloki ipoe tuje kuikata.

Hatukuikata. Milio ya risasi ilianza upande wa juu wa mji, na Muzee akavaa koti lake. Mke wake alikuwa kijijini Marabo, kwenye shamba lao. "Nakwenda kumuchukua, narudia," aliniambia. "Weye usikate bila miye. Unakatanga kama mutu anapasua kuni." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Muzee hakufika Marabo wala hakurudi Bunia, na mwili wake haukuonekana mpaka leo.

Risasi ziliponyamaza na watu wakaanza kutoka walikojificha, nilikwenda kazini. Sijui nilitegemea nini. Chumba chetu kilikuwa wazi, hakina mlango, hakina madirisha. Makopo ya formol yalikuwa yamepasuliwa chini. Mashine ya kukata ilibaki kwa sababu ya uzito, na kisu chake kilipona kwa sababu kilikuwa nyumbani kwangu nikikinoa. Lakini kabati la bloki halikuwepo. Mbao zilichukuliwa, droo zilichukuliwa, na bloki zote, uvimbe wa watu wa miaka yote tangu Muzee aanze kazi, hazikuwepo. Nilisimama katikati ya chumba. Sikulia. Nilikuwa najiuliza swali moja tu la kijinga, ambalo nililirudia kwa sauti: mwizi anafanya nini na vinyama vya watu?

Neema alikuwa hai. Yeye na mama yake walikaa chini ya vitanda vya maternité siku zote za risasi. Uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho na mtoto hakuweza tena kufunga mdomo. Na dawa ilikuwepo! Waporaji waliiacha kwa sababu katoni yake ina picha ya fuvu la kichwa, na watu wale, waliokuwa wakiua wenzao mchana kweupe, waliogopa picha. Daktari Faustin alikuwa na dawa mkononi na hakuthubutu kuitumia. Kukata kipande kingine hakukuwezekana: fizi zilikuwa zinavuja damu zenyewe, chumba cha upasuaji hakikuwa na mkasi, na damu ya kumwongezea mtoto haikuwepo mji mzima. Alinigeukia akasema, "Mama, nitafutie ile bloki." Alisema kana kwamba nimeiweka kwenye sidiria.

Nilikwenda kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Sikwenda kwa akili, nilikwenda kwa njaa, kwa sababu binamu yangu alikuwa huko na alikuwa na unga. Kambi ilikuwa vibanda vya bashi, yaani turubai za plastiki, mpaka macho yanachoka, na watu wa kila upande wa Ituri humo ndani. Mbele ya kibanda kimoja, juu ya kopo la sardini lililogeuzwa, niliona moja ya bloki zetu.

Ilikuwa imesimama juu ya kopo, nyeupe, kona yake moja imeyeyuka. Ncha ya uzi mweusi ilikuwa imeungua. Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja: kijipande cha nta nyeupe chenye uzi unaotokeza. Mtu yeyote wa Bunia, ambako umeme ulikuwa hadithi, angeona nini hapo? Waliotuibia waliona mishumaa. Waliwauzia wakimbizi mishumaa midogo midogo, na uzi wa Muzee Leonardi ulikuwa utambi.

Nilipiga magoti nikaishika ile bloki kwa mikono miwili, na hapo nikakosea, kwa sababu niliifuta vumbi jinsi mtu anavyofuta kitu chake. Mwanamke mmoja mrefu alitoka kibandani akanikamata kitenge. Baadaye nilimjua kuwa Mama Bahati, mkulima kutoka Gety, aliyekuwa akiongoza sala za wanawake wa upande ule wa kambi.

"Weye unajua hii kitu?" aliniuliza.

"Ni ya kwetu," nilisema. "Siye ndiyo tunaitengeneza."

Sijawahi kusema sentensi mbaya kuliko hiyo maishani mwangu. Mama Bahati alipiga yowe. "Ni huyu! Njooni! Ni huyu anatengenezaka mishumaa ya watu!"

Walitoka vibanda vyote. Nilielezwa baadaye, lakini wakati ule nililiona tu duara la wanawake likifunga. Kumbe usiku uliopita walikuwa wamewasha mishumaa ile, ikawaka kidogo, ikafika kwenye nyama, ikanuka na kuzimika. Mmoja wao akaipasua aone ina nini. Akakuta nyama, na juu ya nyama jina la mtu. Fikirini wanawake wale walikuwa wametoka kuona nini barabarani, na uvumi gani wa watu kuliwa nyama ulikuwa ukitembea mji huu siku zile, kisha mfikirie wakiona jina la mtu limeshonwa kwenye nyama ndani ya mshumaa. Na mimi nikawaambia ndiyo, ni kazi yetu.

"Ni wagonjwa!" nilipiga kelele. "Ya hospitali! Walikuwa wazima wakati tunakata! Wengi wako wazima mpaka leo!"

"Mutu muzima anakatwa nyama yake namna gani?" mmoja aliuliza, akiwa na jiwe mkononi.

Nisingekuwa naandika haya kama si mama mmoja mnene aliyepenya katikati akiwa ameshikilia sufuria. Alinitazama usoni. "Mumuache," alisema. "Huyu mama namujua. Alinishikaka mukono siku walinikata hapa." Akashusha ukosi wa blauzi akawaonyesha kovu shingoni. "Ilikuwa kivimbe. Walinikata, wakasema iko muzuri, nikarudia nyumbani." Kisha akanigeukia taratibu, na uso wake ukabadilika. "Mama, na ile nyama yangu iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye kabati pamoja na zingine," nilisema.

Mama mnene akamtazama Mama Bahati. Mama Bahati akaangalia chini. Ndipo nikaambiwa. Wanawake walikuwa wamekusanya mishumaa yote kutoka kibanda hadi kibanda, isipokuwa ile moja iliyokuwa imeangukia nyuma ya kopo na kuokotwa asubuhi ile, na walikuwa wameizika. Si kuitupa shimoni, bali kuizika, kwa kitambaa cheupe, nyimbo, maombi na msalaba wa mti, jinsi mtu anavyozikwa.

"Kumbe mulishanizika?" alisema mama mnene. "Miye huyu? Na hamukuniita hata kwa matanga yangu?"

Mtu mmoja akacheka, na mwingine, mpaka aliyeshika jiwe akaliangusha. Nilicheka na mimi, huku meno yakigongana kwa hofu. Mama Bahati peke yake hakucheka.

Nilimweleza habari za Neema. Nilimwambia kila kitu, shavu, jicho, dawa yenye picha ya fuvu, na kwamba ile ya juu ya kopo ilikuwa ya mtu mwingine, kwa hiyo jibu la mtoto lilikuwa kwenye kaburi lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

"Mama, sikiliza na weye," alisema. "Miye niliacha bwana yangu kwa njia, na batoto wangu wawili. Sikuzika hata mumoja. Hawa wamama wote unaona, ni vile vile. Hakuna mwenye alizika mutu yake. Siku ile tulizika ile nyama, kila mutu alilia wake. Ile kaburi ndiyo moja tuko nayo. Na weye unasema tuifunguwe?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu aliyeibiwa, na sasa niliona aibu ya mtu anayekuja kuiba. Nikamwambia ukweli mmoja uliobaki, kwamba hata mimi nilikuwa na mtu wangu asiyezikwa, mzee aliyetia nyuzi zile, na kwamba kama kuna mahali popote duniani pana kazi ya mikono yake, ni humo walimofukia. Mama Bahati aliuliza kitu kimoja tu: "Ule mutoto, anaweza kufika hapa?"

Nilifikiri hataki kuniamini. Nikarudi hospitali, na mama yake Neema akambeba mtoto mgongoni mpaka kambini. Mama Bahati alifunua kitambaa usoni pa Neema, akaangalia uvimbe, akaangalia lile jicho lililosukumwa. Alivua viatu, akaenda kwenye kaburi nyuma ya vibanda, akang'oa msalaba kwa mkono wake, akapiga magoti akaanza kuchimba kwa vidole. Wanawake wengine walianza kulia kwa sauti, kilio chote cha mazishi, kana kwamba mtu amekufa sasa hivi. Walilia mpaka kitambaa cheupe kikatokea.

Nilikifungua. Zilikuwa humo nyingine zote, zimeungua, zimekatika, zimeshikana udongo, na katika kila moja ulikuwepo mshono mmoja mweusi, pembeni, umekazwa vizuri na mtu aliyewahi kushona makoti. Hapo nililia. Nilimlilia Muzee Leonardi mbele ya watu nisiowajua, na walinishika mabegani kama ndugu yao. Kisha nikaanza kusoma vikaratasi. Kalamu ya risasi ilikuwa imekaa. Cha Neema kilikuwa katika bloki iliyoyeyuka zaidi ya nusu, parafini imebaki kidogo tu kuzunguka nyama, lakini karatasi haikuachana na nyama, kwa sababu uzi haukuachia.

"Chukua hiyo moja," alisema Mama Bahati. "Ukimaliza, utairudisha. Ile ingine yote inabakia."

"Zote ni za hospitali," nilisema, maana sheria ilikuwa bado kichwani.

"Zote ni za siye," alisema.

Nikachukua ile moja, nikazifunga nyingine katika kitambaa.

Njiani nilinunua mshumaa wa kweli, hospitalini nikauyeyusha, nikaikarabati ile bloki iliyogeuzwa mshumaa. Ilikuwa nta mbaya, inakatika ovyo. Nilipasua kuni kweli, kama Muzee alivyosema. Lakini vipande vichache vilitoka vizima. Nikavipaka rangi kwa tone la mwisho lililokuwa kwenye chupa iliyovunjika shingo. Daktari Faustin aliinamia darubini karibu na dirisha, kwa mwanga wa jua. Alikaa hivyo. Kisha akasogea akaniambia nitazame.

Mnajua nilichoona. Seli nyeusi zimejazana, na katikati yake vijitundu vyeupe vinang'aa, mbingu yenye nyota. Uvimbe ule wa taya, hauna mfanano. Pembeni kabisa palikuwa na tundu moja kubwa zaidi, la mviringo safi. Daktari aliliwekea kidole kwenye kioo. "Sindano ya Muzee," alisema. Neema alipewa dawa siku hiyohiyo. Shavu lilianza kushuka tukiangalia, mpaka mama yake akawa analigusa kila mara asiamini.

Bloki niliirudisha. Nilivunja sheria ya kwanza ya kazi yangu, na daktari alijua, akajifanya anatafuta miwani. Tuliizika pamoja na wenzake, na mama mnene mwenye kovu aliomba tuimbe wimbo anaoupenda, kwa kuwa matanga yalikuwa yake pia. Kwa hiyo mkiona katika kabati la zamani, lile tulilolitengeneza baada ya vita, pengo ambalo sikuruhusu mtu aweke kitu, hakuna kilichopotea. Ninajua kilipo. Na mkiwa na vikaseti vyenu vya plastiki, sawa, viko vizuri. Lakini mimi nilishona mpaka siku ya keki.

Kambi iliondolewa zamani, lakini kaburi lipo, na Mama Bahati, aliyebaki Bunia, analilimia majani. Mwaka jana Neema alitupata hapo. Ni mwanamke mzima sasa, shavu limebonyea kidogo upande wa kushoto, na alikuwa na mtoto mgongoni. Alichukua jembe kutoka mkononi mwa Mama Bahati akaanza kupalilia mahali ambapo kipande cha taya lake mwenyewe kimelala na wafu wetu wote. Mama Bahati alikaa chini, akamwangalia muda mrefu, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Mama Parafini," aliniambia. "Watu yote wenye tulizika hapa, unaona? Huyu alirudia."